Nimelipia namba 214 kwenye orodha ya kodi, sasa naambiwa niongeze nisogezwe mbele

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Napanga Ilomba, hapa Mbeya mjini, chumba na sebule, wapangaji wanne luku moja. Nauza mitumba ya baridi, sweta na majaketi. Siku ya kufungua mabelo nakuwa Mwanjelwa kabla hakujapambazuka, nachagua, halafu mchana kutwa natembeza begani. Baba yao alikwenda machimboni Chunya mwaka juzi. Mwanzoni alikuwa anatuma. Siku hizi ukipiga simu yake anapokea mtu mwingine, anasema umekosea namba.

Kodi ni 50,000 kwa mwezi na inalipwa ya miezi sita kwa mkupuo. Miezi sita yangu inaisha tarehe 30 mwezi huu wa Juni, kwa hiyo natakiwa 300,000 mkononi. Nina 110,000. Mwaka jana mzee mwenye nyumba alinivumilia nikalipa kidogo kidogo, lakini sasa mwanawe amerudi kutoka Dar na ndiye anayepita kukusanya, na huyo hana utani. Wiki iliyopita alimng'olea mpangaji mwenzetu mlango. Mlango wenyewe, Shangazi, akalegeza bawaba kwa bisibisi, akaubeba kichwani akaondoka nao. Yule mama analala na pazia, na baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita unaijua.

Sasa nije kwenye shida yangu. Nina dada, mtoto wa mama mkubwa, yuko Ohio, Marekani, mwaka wa tisa huu. Aliniambia kwamba huko serikali inawasaidia watu kodi, inaitwa Section 8, na yeye yuko kwenye orodha ya kusubiri, amejiandikisha miaka mitatu iliyopita kabla hata hajahamia kwenye nyumba anayokaa sasa. Jirani yake alishapata, serikali inamlipa mwenye nyumba moja kwa moja. Akaniambia, "Mdogo wangu usikae kimya, kila serikali ina kitu kama hicho, nenda kajiandikishe."

Neno hilo likanikaa kichwani. Mwezi wa nne akaja kijana mtaani kwetu, nadhifu, kitambulisho kinaning'inia shingoni, faili kwapani. Akasema serikali imeanzisha msaada wa kodi kwa kina mama wanaolea peke yao, na nafasi za Mbeya ni chache. Mimi nikaona ndicho kile kile cha dada. Nikajaza fomu, nikatoa nakala ya kitambulisho cha NIDA na picha mbili za pasipoti, nikatuma 35,000 kwa simu. Jina lililotokea kwenye muamala lilikuwa la mwanamke, akasema ni mhasibu wao. Akanipa risiti yenye muhuri na namba: 214. Nimekutumia picha yake.

Kuna kitu sijamwambia mtu yeyote. Aliniambia kila nitakayemleta, nitapewa 5,000. Nikawaleta wawili, na kweli akanipa 10,000. Sikuikataa. Mmoja ni muuza ndizi tunayekaa naye jirani. Wa pili ni huyo huyo mama aliyeng'olewa mlango. Alikuwa na deni la miezi miwili, na ile 35,000 aliitoa kwenye pesa aliyokuwa anamkusanyia mwenye nyumba.

Juzi yule kijana amenipigia. Anasema nikiongeza 20,000 ananitoa 214 ananiweka 40, na mwenye nyumba wangu atalipwa kabla ya tarehe 30.

Shangazi, nitume? Na kama huyu ni muongo, nijiandikishe wapi pa kweli? Na wenzangu niwaambieje? Kila asubuhi mama wa mlango ananiuliza, "Mwenzangu, namba zimefika ngapi?"

Mama Wawili, Ilomba

Shangazi anajibu

Marahaba, mwanangu. Kwetu Iringa ningekuambia kamwene, na nyinyi huko mna ndaga yenu, basi zote mbili zipokee.

Usitume hiyo 20,000. Kama ameshakupigia tena tangu uandike, usimpokelee. Tanzania hatuna mpango wa serikali wa kumlipia raia kodi kwa mwenye nyumba wa mtaani. Hakuna orodha yake Mbeya, Iringa wala Dodoma, kwa hiyo hakuna 214 na hakuna 40. Pole sana. Najua ulikuwa unahesabu siku kwa namba hiyo.

Picha ya risiti nimeikuza mpaka macho yakauma. Ni kile kitabu cha risiti cha dukani, cha karatasi mbili na kaboni katikati, unakinunua popote wanapouza madaftari. Muhuri una neno SERIKALI, lakini hauna jina la wizara, halmashauri wala kata. Serikali isiyojua inakaa ofisi gani! Tena siku hizi malipo ya serikali yanakwenda kwa kontrol namba, ile namba ndefu unayopewa kwanza ndipo ulipe benki au kwenye simu. Ukiiingiza, unaona unailipa taasisi gani. Wewe ulituma kwenye laini ya mtu, likatokea jina la mwanamke, ukaambiwa mhasibu. Wote tunaijua ile meseji ya matapeli, "ile hela tuma kwenye namba hii". Tunaicheka, lakini huyu wako alivaa kitambulisho akaja mlangoni na miguu yake, na hapo wengi tunalegea. Sikulaumu kwa hilo.

Na kuhusu kusogezwa mbele: huyo hajawahi kukuonyesha orodha. Anayeuza nafasi kwenye foleni isiyokuwepo anaweza kuiuza mara mia, kila mtu akaambiwa ametangulia.

Leo hii fanya mambo haya. Piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA, maana nakala yako anayo. Ukikuta laini usiyoijua, nenda duka la mtandao husika na kitambulisho halisi, waifute. Kama aliwahi kukutumia ujumbe wa maandishi wa kudai pesa, utume kwenda 15040, ndiko zinakoripotiwa meseji za utapeli. Ule ujumbe wa muamala wa 35,000 usiufute hata simu ikijaa. Una jina, namba, tarehe na saa. Kisha nenda polisi ukafungue taarifa, upewe namba ya RB, ile ya taarifa yako kwenye kitabu chao. Ukipiga simu kampuni ya simu bila RB watakusikiliza tu, ukiwa nayo wana cha kufanyia kazi. Pesa yenyewe nakuambia mapema usiitegemee. Ya tangu mwezi wa nne imeshatolewa kwa wakala zamani. Lakini kijana mwenye faili bado anatembea, na Ilomba haina wapangaji watatu tu.

Polisi usiende peke yako. Nenda na hao wawili, na hapo ndipo pagumu pako.

Mama wa mlango mwambie leo, kabla hajakuuliza kesho asubuhi. Usimwambie "nasikia kama kuna mashaka". Mwambie tumetapeliwa, mimi na wewe na muuza ndizi, na mimi ndiye niliyekuleta. Halafu toa ile 10,000. Hiyo si yako, mwanangu, na nadhani ndiyo iliyokufanya uniandikie mimi badala ya kuwaambia wao. Kila mmoja mpe 5,000 mkononi na umweleze ilitoka wapi. Atakasirika. Anaweza kukutangaza mtaa mzima. Mwache aseme, ana mlango uliobebwa. Ahadi ya kumrudishia 35,000 yote usiitoe, kwa sababu huna, na ahadi ya pili ikivunjika ni mbaya kuliko ya kwanza. Unacho kingine: unauza majaketi. Mpe moja zito, usiandike deni. Na kama sebule yako inatosha godoro, alale kwako mpaka mlango urudi.

Polisi nako hiyo 10,000 itaje mwenyewe kabla hujaulizwa. Ikija kutoka mdomoni mwa mtu mwingine utaonekana wakala wake.

Sasa kwa dada. Dada yako hakukudanganya. Section 8 ipo, imo katika sheria yao ya makazi ya mwaka 1974, na siku hizi inaendeshwa kwa vocha. Familia yenye kipato kidogo inapewa vocha na mamlaka ya nyumba ya mji au wilaya yake, inatafuta yenyewe nyumba kwa mwenye nyumba binafsi, nyumba inakaguliwa kama inafaa kukaliwa na binadamu, kisha mpangaji analipa kiasi cha asilimia 30 ya kipato chake baada ya makato, na mamlaka inammalizia mwenye nyumba. Hilo ndilo jirani yake analolipata.

Alichosahau kukuambia ni kwamba hata huko si kila anayestahili anapata. Kwa kila familia nne zinazostahili msaada wa kodi wa serikali yao, inayoupata ni kama moja. Bajeti ina mwisho, ndiyo maana kuna orodha, na orodha zenyewe kila mji una ya kwake. Nyingi zimefungwa. Zikifunguliwa, zinafunguliwa siku chache, watu wanamiminika, na miji mingi inapiga kura ya bahati nasibu kuamua nani aingie. Wengine wanatangulizwa kwa vigezo vya mji husika: wasio na makazi, wazee, wenye ulemavu, waliopigana vita. Kutangulizwa huko kumeandikwa hadharani, hakuuzwi. Mgeni lazima awe na hadhi ya uhamiaji inayokubalika. Na kujiandikisha ni bure kabisa, tena nako wapo matapeli wanaotoza watu ada ya "maombi ya Section 8". Kijana wako ana ndugu zake Ohio.

Pale aliposema kila serikali ina kitu kama hicho, hapo aliteleza. Ametoka siku nyingi, amezoea. Sisi mambo yetu ya nyumba yalikwenda njia nyingine. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa 1962 lijenge na kupangisha. Mwaka 1971 ikapita sheria ya kuchukua majengo yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Wazee bado wanayaita maghorofa ya zamani ya katikati ya mji "nyumba za Msajili". Mwaka 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika. Kwa hiyo serikali yetu ilijifanya mwenye nyumba, haikujifanya mlipa kodi. Unaweza kwenda ofisi ya Shirika hapo Mbeya ukauliza utaratibu wa kuomba kupanga, hawakufukuzi, lakini nyumba ni chache kuliko wanaozitaka, na ukipata unalipa kodi mwenyewe kila mwezi. Wakala wa Majengo, TBA, msingi wake ni nyumba za watumishi wa umma. Kwa muuza sweta anayetakiwa 300,000 kabla ya tarehe 30, milango yote miwili si ya leo.

Orodha ya kweli inayoweza kukuhusu ni ya kaya maskini, ile ya TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Hii hailipi kodi. Ni ruzuku ya kaya, ukipata unaamua mwenyewe iende kwenye unga, daftari au kodi. Lakini angalia jina linavyoingia, ulinganishe na faili la kijana. Unaitishwa mkutano wa mtaa au kijiji. Majina yanatajwa mbele ya watu. Niliwahi kukaa kwenye mkutano wa namna hiyo, jua kali, tumepanga mabenchi ya shule chini ya mti, lilipotajwa jina la bwana mmoja kina mama wa nyuma wakapiga kelele, "Huyo ana ng'ombe watatu kwa shemeji yake!" Jina likakatwa pale pale. Kisha wanakuja watu na dodoso, wanakuuliza mnakula mara ngapi, paa ni la nini, nani anafanya kazi, na majibu yanapimwa. Mahali popote katika safari hiyo hakuna aliyetoa hata mia. Na usajili hauwi wazi kila siku, kwa hiyo usiende ukadai kuandikwa. Nenda kwa mtendaji wa mtaa wako uulize kama kuna utambuzi wa kaya unaoendelea, na kama haupo, umwombe akutaarifu utakapoitishwa mkutano. Ukisikia mkutano, nenda. Wafanyabiashara wa mitumba mna tabia ya kusema mkutano utaninyima wateja, halafu mnalalamika majina yamepita kimyakimya.

Ukiwa kwa mtendaji, omba pia akuelekeze kwa afisa ustawi wa jamii. Umeniambia baba wa watoto alikwenda machimboni, ameacha kutuma, amekata mawasiliano. Matunzo ya mtoto ni haki ya mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, na ustawi ndiko pa kuanzia. Wanaweza kumwita, na akikaidi suala linakwenda mahakamani. Sikuahidi kwamba atapatikana haraka, machimbo ya Chunya watu wanahama kama nzige, lakini shauri likiwa limeandikwa una kitu mkononi. Wewe umeliweka kwenye sentensi tatu ukapita. Mimi naliona ni kubwa kuliko fomu yoyote ya kodi.

Ipo na ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Haina riba, ila ni ya kikundi kilichosajiliwa na ni ya biashara, siyo ya kulipia chumba. Wewe, muuza ndizi na mama wa mlango mnaweza kufika huko siku moja, mkishasameheana. Muulizeni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kwa sasa niiache, tarehe 30 inakaribia.

Haya, mwenye nyumba. Nianze na mlango, kwa sababu kesho unaweza kuwa wako. Mtu kudaiwa kodi hakumpi mwenye nyumba ruhusa ya kubeba mlango, kuezua bati wala kutupa vyombo nje. Upangaji wa nyumba umo kwenye Sheria ya Ardhi ya 1999. Kuna notisi, na mkishindwana kuna mabaraza. Huyo mama aende leo kwa mwenyekiti wa mtaa, mlango urudishwe kwanza, deni lizungumzwe baadaye. Wakigoma, Baraza la Kata siku hizi linasuluhisha tu, haliamui. Anayeamua ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kuna wasaidizi wa kisheria pia, wanaotambuliwa na sheria ya 2017, huduma yao ni bure. Muulizeni mtendaji wapi mnawapata.

Lakini nikuambie na upande mchungu. Ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi, ya 1984, ilifutwa 2005. Mwenye nyumba kudai miezi sita kwa mkupuo hakuna kinachomzuia zaidi ya makubaliano yenu. Kwa hiyo hapo hutashinda kwa kifungu cha sheria, utashinda kwa mazungumzo, na mazungumzo yana namna yake.

Usimsubiri kijana apite. Wewe ulipanga kwa mzee. Nenda kwa mzee, nyumbani kwake, jioni, ukiwa na mjumbe au mwenyekiti, na uende kabla ya tarehe 30. Mpangaji anayekuja tarehe 24 ana shida, anayekuja tarehe 2 ana visingizio, ndivyo wenye nyumba wanavyotuona. Ukishatoa ile 10,000 ya wenzako unabaki na 100,000. Hiyo ni miezi miwili kamili, Julai na Agosti. Iweke mezani, asiione ikiwa kwenye maneno. Kisha mwombe mbili nyingine: 100,000 mwisho wa Julai, 100,000 mwisho wa Agosti. Msimu wako ndio huu. Juni na Julai Mbeya mtu anauza shati anunue sweta. Ukipeleka hoja hiyo Desemba utachekwa, sasa hivi mzee mwenyewe amejifunika blanketi anakuelewa.

Mkikubaliana, iandikwe. Karatasi moja, majina, kiasi, tarehe tatu, sahihi zenu mbili na ya mwenyekiti, nakala kila mmoja. Na iandikwe kwamba pesa zinapokelewa na nani. Hili msilipuuze. Mwana amerudi kutoka Dar anakusanya, baba yuko hai, leo ukimpa huyu kesho yule anasema hajaona. Na ukipata meseji ya "mimi mwenye nyumba wako, nimebadilisha laini, kodi tuma huku", uende na miguu yako kwa mzee kwanza. Umeshatapeliwa mara moja, na matapeli wanauziana namba za waliotapeliwa.

Akikataa kabisa? Basi angalau omba umpe hiyo 100,000 ya miezi miwili, akupe muda huo kutafuta pengine. Chumba kimoja bila sebule, pembezoni kidogo, kama Uyole au Iyunga, bei inaweza kushuka, ila weka hesabuni nauli ya alfajiri kwenda kuchagua mabelo, na dalali naye atataka ya mwezi mmoja. Wengi wanahama kukimbia 10,000 ya kodi wanaikuta kwenye daladala.

Dada wa Ohio naye umpigie. Mwambie ukweli wote, na mwombe 100,000 moja ya kusukumia Julai. Haifiki dola 50. Usimwombe ya miezi sita, naye anasubiri kwenye foleni, hana mti wa dola.

Kisha wewe nawe umsaidie. Umeandika kwamba alijiandikisha kabla hajahamia anapokaa sasa. Mamlaka zile zinawasiliana na mtu kwa anwani aliyoiacha. Barua ikienda kwenye nyumba ya zamani, ikarudi au ikakosa jibu, jina linaondolewa, na miaka mitatu ya kusubiri inaanza upya, pengine kwenye orodha iliyokwisha kufungwa. Kubadilisha anwani ni bure. Muulize usiku huu huu, huko kwao bado mchana: ulipohama, uliwaandikia?